Bafu Kumi na Moja

Mtayarishaji alitua jana usiku kutoka New York,
shati la kitani, miwani juu ya nywele zilizopungua.
Anaitwa Thaddeus Wolcott. Swali lake la kwanza mlangoni
halikuwa la bei, wala la bahari.
"Bafu ngapi?"
Kumi na moja, nikamjibu.
Akafumba macho kama mtu aliyeonja mchuzi akaukuta umekolea.

Mimi ni Yamilet. Napamba nyumba zisizo na watu
upande huu wa Miami, kwenye visiwa vilivyofinyangwa kwa tope la ghuba
ili watu wauziwe anwani mahali palipokuwa na samaki.
Makochi ya kukodi huja kwa lori.
Vitabu nachagua kwa rangi ya migongo.
Malimau arobaini kwenye bakuli la kioo,
ya plastiki, ya manjano kuliko malimau.

Wanasema ni jua linalowaleta.
Ni kweli, kiasi: saa kumi na moja jioni
linaingia sebuleni bila kubisha
na kukaa palepale ambapo taa ingelipiwa.
Lakini jua liko hata Hialeah,
juu ya gereji ya mjomba Eusebio, juu ya matairi yake,
na hajaja mtu kulipiga picha.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.
Wolcott hana haja na ndani. Anataka kule kufungua.
Mara ya kwanza, ya nne, ya tisa,
dalali Krisanta, visigino vyembamba kama misumari,
anasukuma mlango mrefu kuliko sala ya Ijumaa Kuu,
anageuka, anasema karibuni
kwa watu ambao hawapo,
na kila mara sharti ashangae upya.

Kisha kuta, zote kioo.
Macho hayana pazia; nyumba hii nayo haina.
Ukiwa jikoni unaona kitanda,
ukiwa kitandani unaona bwawa,
ukiwa bwawani jirani anakuona wewe.
Ilikubali kutazamwa tangu kwenye mchoro.

Na mwenyewe hayupo.
Mwenyewe ni jina la kampuni kwenye karatasi:
hana mbwa wa kubweka katikati ya maneno,
hana mtoto mwenye homa, hana mama mkwe
wa kuuliza nyaya hizi zitaondoka lini.
Nyumba ya mtu ina harufu.
Hii ina mwangwi, na mwangwi tunauzima kwa zulia.

Adhuhuri bamvua ikaja.
Maji ya chumvi yakapanda kupitia mifereji ya barabara,
kimya, yakalamba magurudumu ya gari jekundu la kukodi.
Hakuna aliyepiga kelele.
"Inua kidogo," Wolcott akamwambia mpiga picha.
Kamera ikainuka.
Mawingu, minazi, ghorofa ya pili.
Nikasimama na viatu mkononi, maji kifundoni,
nje ya picha kwa shubiri moja.

Miezi mitatu baadaye, Jumanne, niko kwa mama.
Vyumba viwili, watu watano, feni moja inayokohoa.
Bei imefichwa hadi mwisho; wote tunakisia.
Shangazi Nereida anataja milioni tisa, anazomewa.
Mama anamgombeza Krisanta kana kwamba anamsikia:
mapazia gani hayo, nani atafua hayo?
Mlango unafunguka. Sote tunanyamaza,
hata mimi ninayejua bawaba ile inakwaruza.

Ishirini na sita, maandishi yanasema.
Mama anapiga mluzi.
Halafu friji inafunguliwa, taa yake nyeupe,
chupa sita za maji zimepangwa na mkono wangu,
naye anasogea hadi pua ikaribie kioo.

"Yamilet," anasema, "bafu kumi na moja,
na hawana hata kitunguu?"